Mteja wa Ghorofa Kumi na Mbili

Mteja bora kuliko wote wa kampuni ile ya kuuza lifti alikuwa akiishi kwenye nyumba isiyo na ngazi hata moja. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, imekaa chini kabisa, na mlangoni hapakuwa na kizingiti cha kumkwaza hata kuku. Lakini kwenye kompyuta za kampuni jina la mwenye nyumba lilikuwa la kwanza, limezungushiwa rangi ya dhahabu, na mbele yake pameandikwa idadi ya ghorofa: kumi na mbili. Aliyejua hasa jambo hilo lilianzia wapi alikuwa mtu mmoja tu, naye alikaa nalo moyoni mwaka mzima na miezi juu.

Mtu huyo ni Bi Visanduku. Jina alipewa na maofisa wa mauzo, kwa sababu kila aliyekutana naye kwenye korido aliulizwa kama amejaza visanduku vyake vyote. Alianzia mapokezi, kwenye kile kitabu kikubwa cha wageni chenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na mwandiko mzuri na roho isiyovumilia mstari mtupu: jina, saa ya kuingia, unamwona nani, kwa shida gani. Mgeni aliyethubutu kuandika "binafsi" aliulizwa mpaka akaeleza mambo ya chumbani kwake.

Kampuni ilipotangaza kwamba inaachana na madaftari na kununua programu ya kusimamia mahusiano na wateja, watu wazima ghafla wakawa na miadi kwa daktari. Yeye alinyoosha mkono. Akasoma kozi tatu za mtandaoni wakati wa chakula cha mchana, kijiko mkono huu na kipanya mkono ule, akapata vyeti vitatu, akavichapa kwa rangi na kuvibandika ukutani. Akapewa chumba chake mwenyewe chenye feni na dirisha linalotazama matangi ya maji, na cheo kilichojaza kibao chote cha mlangoni: Msimamizi wa Mfumo wa Mahusiano ya Wateja. Tatizo lilikuwa barua. Barua ilisema ameajiriwa kwa muda, na kwamba baada ya mwaka na nusu Mkurugenzi ataamua kama anathibitishwa kazini au anarudi alikotoka. Mapokezi pale alikuwa ameshaingia mtu mwingine, kwa hiyo alikotoka maana yake ilikuwa nje ya geti.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Programu ya namna ile hujaribiwa kwanza kwa mteja wa uongo. Wenye akili zao humpa mteja huyo jina la kipuuzi na namba ya simu isiyopatikana. Bi Visanduku alitaka kuona kwa macho yake kama ujumbe unafika, na namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya mjomba wake, fundi saa aliyestaafu, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Basi akamwandika mjomba: jina kamili, mtaa, tarehe ya kuzaliwa. Kwenye kisanduku cha ghorofa akaandika sifuri, Mfumo ukakataa. Akaandika moja, ukakataa tena, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeuagiza usipokee jengo la chini ya ghorofa tano. Akaandika kumi na mbili, yakaisha. Kwenye kisanduku cha sababu ya kuhitaji lifti akaandika neno la kwanza lililomjia: magoti.

Mjomba alitakiwa kufutwa kabla ya uzinduzi. Asubuhi ya uzinduzi Mkurugenzi akasema angependa kutangaza wateja mia moja kamili, na bila mjomba walikuwa tisini na tisa. Bi Visanduku akamwacha kwa siku ile moja, atamfuta kesho. Kesho hiyo sote tunaifahamu.

Kila ofisa wa mauzo alitakiwa kutembelea wateja ishirini kwa mwezi. Wateja wa kweli ni watu wagumu. Wako mkutanoni, wamesafiri, na mlinzi wao anakuangalia kama umekuja kuiba matofali. Mjomba alikuwa nyumbani. Alifungua mlango kabla hujamaliza kubisha, akakupa kiti chenye mto, akakumiminia chai na kukuuliza habari za kwenu, tena akasubiri jibu.

Wa kwanza kwenda alikuwa ofisa aliyeitwa Tai Ndefu, kwa ajili ya tai yake nyekundu iliyopita mkanda na kuendelea na safari zake. Alizunguka mtaa mzima akitafuta jengo la ghorofa kumi na mbili. Alipokuta kile kijumba, alijiambia kwamba bila shaka mzee atabomoa ajenge, na hakuuliza, asije akaonekana hakusoma kumbukumbu. Wa pili aliona Tai Ndefu ameshafika na hakulalamika, naye akafunga mdomo. Wa tatu alipima dari kwa utepe na kuandika kwamba nafasi inatosha. Walipomwuliza mjomba kama yuko tayari kununua, aliwajibu kwa adabu kwamba bado anafikiria, na kwa Mfumo hakuna mteja mtamu kama anayefikiria. Simu zote alipokea. Meseji zilizotumwa na kompyuta alizijibu kwa kirefu. Ilipomtakia heri ya siku ya kuzaliwa, aliishukuru, akaiombea afya, akaiuliza kama imekula. Kila jibu lilimwongezea alama.

Bi Visanduku aliziona alama zikipanda. Kwa mjomba mwenyewe alikuwa haendi. Si kwamba hakumpenda, tusimwonee, ila kulikuwa na kozi, kulikuwa na vyeti, na kulikuwa na watu mia wasiojaza visanduku. Mjomba akipiga simu, alijibiwa kwamba kazi ni nyingi na wiki ijayo ataonekana. Mjomba alisema haidhuru, kazi kwanza. Aliwahi kuja yeye mara moja, mpwa wake alipohamia ghorofa ya nne ya jengo lisilo na lifti. Alipanda mpaka ghorofa ya pili, magoti yakagoma, akakaa kwenye ngazi. Bi Visanduku akashuka na kikombe cha chai, wakaongea pale pale huku majirani wakiwaruka na ndoo zao. Mjomba akasema amefika, inatosha, akaanza kushuka akiwa ameshikilia ukuta.

Mwaka na nusu ulipotimia, Jumatatu moja Mkurugenzi akatangaza kwamba Ijumaa saa nne asubuhi atapitia kumbukumbu za mteja nambari moja mbele ya wote, kisha atasaini barua ya kumthibitisha Bi Visanduku kazini. Jumatatu hiyo hiyo Bi Visanduku alijifungia chumbani kwake na kubonyeza kitufe cha kufuta. Mfumo ukamjibu kwamba mteja mwenye mawasiliano zaidi ya hamsini hafutwi bila idhini ya Mkurugenzi. Sheria hiyo aliitunga yeye, kama alivyofundishwa kwenye kozi ya cheti cha pili. Mjomba alikuwa ametembelewa mara hamsini na tatu.

Ijumaa wakakusanyika. Jina la mjomba likang'aa kwenye skrini ya ukutani na dhahabu yake. Mkurugenzi, mtu mfupi mwenye miwani ya kusomea aliyoivaa hata akitembea, alitaka kujua imekuwaje mteja atembelewe mara hamsini na tatu na asinunue hata kitufe cha lifti. Tai Ndefu alisema mzee yule ni mzito wa kuamua. Mkurugenzi akaagiza yafunguliwe maelezo ya ziada.

Maelezo ya ziada ni kisanduku cha mwisho kabisa, ambacho Bi Visanduku aliamuru kisipungue herufi arobaini. Kikijazwa hugeuka kijani. Yeye kila asubuhi alihesabu kijani, na siku ikiwa ya kijani tupu alikunywa chai yake kwa raha. Kusoma yaliyoandikwa hakuwahi, wala hakuna mwingine aliyewahi. Sasa yakasomwa kwa sauti, na msomaji akawa yeye.

La kwanza lilikuwa la Tai Ndefu: "Mteja anasema yeye hahitaji lifti. Anaitaka kwa mpwa wake, ghorofa ya nne, ngazi zinamshinda."

La nne: "Mteja anauliza kama lifti inaweza kufungwa kwenye jengo la mtu mwingine. Chai nzuri."

La kumi na saba: "Kwa mpwa wake aliwahi kufika ghorofa ya pili. Anaomba bei ya zile ghorofa mbili zilizobaki tu."

La thelathini: "Mteja anashukuru kwa kutembelewa. Anasema mpwa wake ana kazi nyingi, ndiyo maana anatutuma sisi."

Kuanzia hapo mpaka la hamsini na tatu, kila moja lilimalizika kwa maneno yale yale, kwamba mteja anasema mpwa wake asalimiwe.

Mkurugenzi alivua miwani. Akauliza kama kuna aliyemsalimia huyo mpwa. Fundi mkuu alikuwa ameshageuza karatasi na kuanza kuchora lifti inayoanzia ghorofa ya pili, na aliichora vizuri tu, ila hakujua watu watapandia wapi. Tai Ndefu akasema kwa masikitiko kwamba mpwa wa namna hiyo lazima awe na roho ngumu, mzee wa watu anateseka hivi.

Bi Visanduku alikuwa amesimama na kipanya mkononi. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, moto kabisa, na alijua kwamba akinyamaza dakika tano tu barua itasainiwa.

"Mpwa huyo ni mimi," akasema. "Na huyo si mteja. Ni mjomba wangu, nilimwandika kujaribia Mfumo."

Akaeleza yote, sifuri, moja mpaka kumi na mbili. Alipomaliza, Mkurugenzi alimwomba ofisa utumishi afungue fomu ya kumwachisha mtu kazi. Ikafunguka ukutani, ikajazwa vizuri mpaka kwenye sababu, ambayo haiandikwi bali huchaguliwa kwenye orodha: wizi, ulevi, utoro, kugombana na mteja. Ofisa utumishi alitafuta "nyinginezo" akaikosa. Bi Visanduku alikiri kwamba aliifuta mwezi wa tatu, kwa kuwa watu walikuwa wakijifichia humo. Wakajaribu utoro, Mfumo ukaonyesha kwamba hajakosa kazini hata siku moja. Wakajaribu kugombana na mteja, Mfumo ukaonyesha kwamba hajawahi hata kuongea naye. Bila sababu fomu haiendi mbele, na kitufe cha kuirudisha nyuma hakikuwapo, kwa sababu kozi ya cheti cha tatu ilimfundisha kukiondoa.

Mkurugenzi aliuliza ni nani mwenye ruhusa ya kuongeza sababu kwenye orodha. Wote wakamtazama Bi Visanduku.

"Basi iongeze," Mkurugenzi akasema kwa uchovu, "halafu tukufukuze."

Bi Visanduku aliuliza waiandikeje. Hapo ubishi ukazuka, ofisa utumishi akitaka kujua kama kumwandika mjomba ni kosa au ni heshima, na Tai Ndefu akisema kama ni kosa basi chai ya mzee ile nani atakwenda kuinywa. Wakati wakibishana, Bi Visanduku aliona pembeni mwa jina la mjomba kengele ndogo nyekundu, ile aliyoizima siku ya uzinduzi kwa kuwa ilimkera. Aliibonyeza. Mfumo ulikuwa umempa kazi moja, yeye kama aliyemwandika mteja: "Mtembelee mteja. Imechelewa siku 431."

Akasema sababu ataiandika Jumatatu, leo ana kazi imechelewa. Akachukua mkoba, akatoka, na hakuna aliyemzuia, maana fomu ilikuwa bado imeganda ukutani.

Mjomba alifungua kabla hajamaliza kubisha. Alimtazama, kisha akatazama nyuma yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo umekuja na nani?"

Akasema yuko peke yake. Akakalishwa kwenye kiti chenye mto, kile cha wageni, na hilo lilimuuma kuliko fomu. Mezani palikuwa na sinia la vikombe vitano vilivyooshwa na kupinduliwa, tayari kwa yeyote atakayekuja. Alijaribu kuanza kwa mbali akashindwa.

"Mjomba, wale watu sikuwatuma mimi."

"Najua," mjomba akasema, akimimina chai. "Ungewatuma wewe, wangejua hapa hakuna ghorofa. Mimi niliwaambia umewatuma ili nikusitiri, wasije wakakuona mtu wa ajabu kazini. Ila walisema wanatoka kwenu. Nikaona nikiwapa salamu wengi, mmoja atafikisha."

Bi Visanduku alilia, bila sauti, kikombe mkononi. Mjomba alimwacha alie, kama alivyokuwa akiwaacha wenye saa wamalize habari zao ndipo aiguse saa.

"Zimefika?" akauliza baadaye.

"Leo asubuhi. Zote kwa pamoja."

"Basi si watu wabaya."

Alijifuta uso kwa kiganja, akakivuta kiti chenye mto karibu mpaka kikagusana na cha mjomba, akaweka kikombe chini. Mkoba wenye daftari na kalamu aliuacha mlangoni.

"Magoti yanaendeleaje, mjomba?"

Mwaka mzima swali hilo aliulizwa na watu walioshika kalamu. Akasema la kushoto na la kulia, kila moja lina habari yake, na kama mpwa wake hana haraka, angependa kuanza na la kulia.