Jino la Nyangumi la Bwana Haddow

Tangu mke wangu Vasemaca afariki siwezi kukaa mahali pamoja. Nikikaa nainuka, nikiinuka natafuta pa kwenda, na pa kwenda hapapo, basi nazunguka nyumba, nafika barabarani, narudi. Kazini afadhali, kwa sababu mfunga maboksi husimama kutwa. Lakini hata hapo wasichana wa cherehani wananicheka: "Baba Peni, unatafuta nini? Umepoteza sindano?"

Jumatano ile nilikuwa na hali mbaya kuliko siku zote. Kesho yake wakaguzi wa ofisi ya kazi walikuwa wanakuja kiwandani, na malalamiko niliyapeleka mimi. Na alasiri ileile, baada ya zamu, wakubwa wa kiwanda walikuwa wanakuja nyumbani kwa kaka yangu na jino la nyangumi kuomba radhi.

Kwetu Fiji jino la nyangumi si mchezo. Mtu akikuletea, akapiga magoti, na mkubwa wa ukoo wako akalipokea, basi kosa limezikwa. Hulitaji tena, mwanao halitaji, jirani halitaji. Anayelitaja aibu ni yake. Wao walijua hayo. Ndiyo maana walichagua Jumatano.

Niseme kosa lenyewe. Kiwanda chetu kiko nje kidogo ya Suva, kinashona sare za shule zinazovaliwa Australia. Kila mstari wa cherehani una kibao kimoja cha mbao, rangi ya njano, kina kamba ya kuvaa shingoni. Huendi chooni bila kibao. Mmoja akienda nacho, mstari mzima unangoja arudi. Akikawia, msimamizi anapiga kengele na jina lake linatajwa kwenye kipaza sauti, wanaume wa ghalani nao wanasikia. Mke wangu alikuwa mama mzima, mwimbaji wa kanisani, na jina lake lilitajwa hivyo. Tangu hapo akaacha kunywa maji asubuhi. Baadaye akaacha kunywa hata mchana. Joto la mle ndani mnalijua ninyi mliofanya kazi chini ya bati. Figo zikaanza kumsumbua, homa ikaja ikaondoka, ikaja tena, naye anakwenda kazini tu kwa sababu anayekosa siku mbili anahamishiwa zamu ya usiku. Alipolazwa hospitali kuu, daktari alisema amechelewa. Mimi nasema alicheleweshwa.

Tulipomzika, wakubwa walifanya nini? Kibao walikiacha palepale. Wakaleta kitu walichokiita Mpango wa Ustawi. Ijumaa tunasimama uani tunanyoosha mikono kama watoto wa chekechea, tunavuta pumzi, tunatoa. Wakabandika ubao ukutani ambapo kila mtu anabandika sura yake ya siku, inayocheka au inayonuna. Wote tunabandika inayocheka. Kwetu humwambii mkubwa usoni kwamba amekosea, na Bwana Haddow, meneja wetu kutoka Brisbane, akauangalia ubao ule akafurahi kwelikweli. Halafu wakaweka majagi ya maji mwisho wa kila mstari. Yameandikwa: Kunywa maji, afya yako ni furaha yetu. Majagi manne kwa kibao kimoja! Mtu aliyesoma chuo kikuu ndiye aliyeyapanga hayo.

Mchana wa Jumatano Ramrati alinifuata kwenye maboksi. Ni mama wa Kihindi anayeshona mifuko ya suruali, aliketi pembeni ya Vasemaca miaka yote, na yeye ndiye aliyewashawishi wanawake wakubali kusema mbele ya wakaguzi.

"Kaka Peni, nasikia leo mnaletewa lile jino lenu."

"Ndiyo."

"Mkilichukua, kesho sisi tufungue mdomo tuseme nini? Wenzako wa Kifiji wameshaniambia, jino likipokelewa hawasemi. Nitabaki mimi na Savitri, na Savitri akiulizwa jina lake tu analia."

"Sipokei mimi, dada. Anapokea kaka yangu. Yeye ndiye mkubwa."

"Basi mwombee kaka yako aote majipu viganjani leo hii." Akaondoka huku anatazama nyuma asionekane na msimamizi.

Kaka yangu anaitwa Kiniviliame, tunamwita Kini. Si mtu mbaya. Ila hajawahi kurudisha jino la mtu, baba yetu hajawahi, na babu hajawahi. Tena binti yake, Litiana, anapiga pasi kiwandani, na wiki ile alikuwa ameambiwa kuna nafasi ofisini, yenye kiti na feni. Nilipofika kwake nilimkuta anatandika mikeka.

"Kaka, ukilipokea umenimaliza."

"Peni, kaa chini."

"Siwezi kukaa."

"Kaa, unanizungusha kichwa. Watu wanakuja kwa heshima. Nikiwafukuza mlangoni nitaitwa nani? Na Vasemaca harudi, mdogo wangu. Ungekuwa na njia ya kumrudisha ningekufuata pekupeku."

"Wengine bado wako hai mle ndani. Mmoja ni mwanao."

Alikuwa anaunyoosha mkeka ambao ulikuwa umeshanyooka.

Walikuja na gari la kiwanda. Mbele alikuwa Sakeasi, afisa wa wafanyakazi, Mfiji mwenzetu, tena wa visiwa ambavyo watu wake ni watani wetu tangu enzi. Hata siku kama ile hakuacha.

"Enyi wala popo!" akaita mlangoni. "Hii ni nyumba au pango lenu?"

"Ingia, mwizi wa majimbi," akajibu shemeji yangu, mke wa Kini. "Vua viatu, na uache soksi nje zisituue."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nyuma yake akaingia Bwana Haddow, mtu mnene, amevaa shati la maua na sulu, shuka ya kiunoni, kama sisi. Akaketi, akajitahidi kukunja miguu, goti moja likawa linakataa kushuka.

Kwanza ikanywewa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, kama inavyopasa mgeni akifika. Litiana ndiye aliyekuwa anachota kwenye bakuli kubwa la mbao. Kila zamu Sakeasi alimuuliza meneja kikombe kijae au kipwe, na kila zamu Bwana Haddow akasema kijae, akagugumia chote, akapiga makofi kwa sauti. Alitaka kuonyesha anajua mila. Shemeji naye akaleta chai ya majani ya mlimau, kikombe kikubwa cha bati, naye akaimaliza yote. Jua lilikuwa bado linachoma bati, na nyumba nzima inanuka mizizi na jasho. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya kaka yangu, nimejilazimisha kukaa.

Halafu Sakeasi akafungua mfuko akatoa jino. Lilikuwa zuri, siwezi kudanganya, jekundu kwa uzee, na kamba nene. Akapiga magoti, akalishika kwa mikono miwili, akaanza maneno. Jino likishatolewa hakuna anayesogea. Hukohoi, hunyooshi mguu, hupiti mbele. Hata mtoto anajua.

Sakeasi ana ulimi mtamu. Aliutaja ukoo wetu, akaitaja ardhi, akamtaja Mungu, akautaja umoja wa jamaa ya kiwanda. Akasema wamekuja kwa ajili ya huzuni iliyotufika sote. Nikangoja aseme huzuni ya nini. Akarudi kwenye ardhi.

Nikamtazama Bwana Haddow. Lile goti lilikuwa linapanda linashuka. Uso umeiva. Akamnong'oneza Sakeasi. Sakeasi akaendelea kusema, jasho linamtiririka hadi kidevuni. Meneja akanong'ona tena, sasa tukamsikia sote. Sakeasi akatikisa kichwa kidogo sana. Basi yule bwana akainuka. Akasema, "Samahani, jamaa," akapita wima mbele ya jino, mbele ya kaka yangu, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda chooni.

Mama mmoja aliziba mdomo kwa kiganja. Jino lilikuwa bado liko hewani kwenye mikono ya Sakeasi.

"Ni mgeni," kaka yangu akasema polepole. "Hajui. Endelea, mtani." Na akaanza kunyoosha mikono.

"Kaka, ngoja," nikasema.

Sipaswi kusema. Mdogo hasemi mbele ya jino. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Huyo amebanwa, akainuka, akaenda. Hakuna kengele, wala jina lake halikutajwa. Vasemaca alibanwa akakaa. Alikaa mpaka akafa. Mimi simlaumu mtu kwenda chooni. Namuuliza Sakeasi kitu kimoja. Huzuni hiyo mliyokuja nayo ni ya kosa gani? Litaje."

"Peni, mtani wangu," Sakeasi akasema, sauti imeshuka, "usinifanyie hivi mbele za watu."

"Litaje tu. Sema kibao. Sema kengele. Ukilisema, mimi mwenyewe namwambia kaka apokee, na kesho sifungui mdomo."

Nilimaanisha. Mungu anajua nilimaanisha. Angelisema tu, ningelala usiku ule.

Sakeasi akatazama mlango wa nyuma. Akatazama jino. "Nimekatazwa," akasema. "Mwanasheria wa kampuni kasema tutaje huzuni, tusitaje sababu. Nikitaja sababu, kesho wakaguzi wataiuliza. Nina watoto, Peni."

Kaka yangu mikono yake ilikuwa bado imenyooka, imebaki kidogo tu ifike. Niliiona ikisimama.

"Umekatazwa," akasema Kini. "Kwa hiyo mimi nizike nini? Jeneza tupu?"

Sakeasi akainamisha kichwa.

"Nakuuliza, mtani. Mmeniletea jino la babu zetu, mkaniletea na sheria ya kulifunga mdomo?" Kaka yangu hapandishi sauti, na hakupandisha. Alirudisha mikono yake, akaiweka juu ya mapaja. Nyuma ya bakuli Litiana aliacha kuchota. Alikuwa anamtazama baba yake, na baba yake hakumtazama, kwa sababu wote wawili walikuwa wanajua ile nafasi ya ofisini imekwenda.

"Lirudishe," Kini akasema. "Siku bwana wako atakapojua amekosea nini, aje. Mlango anaujua, na choo ameshakiona."

Bwana Haddow akaingia, anajifuta mikono kwenye sulu, anatabasamu. Akamuuliza Sakeasi kama mambo yamekwisha salama. Hakuna aliyemtafsiria jibu. Sakeasi alilitia jino mfukoni, na alipopita kwangu alisema chinichini, "Mla popo wewe." Sikujua kama alikuwa ananitukana au ananishukuru.

Alhamisi tulikusanywa kwenye banda la kulia. Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Aliwaomba wakubwa watoke nje, nao walitoka, ila wakasimama dirishani. Ubao wa sura zinazocheka ulikuwa nyuma yake, umejaa tangu asubuhi.

"Nani mwenye la kusema?" akauliza.

Watu wote macho sakafuni. Hata Ramrati, aliyekuwa amenihimiza wiki nzima, alikuwa anavuta uzi kwenye shali lake.

Nikasema mimi. Sikusema vizuri. Nilikuwa nimepanga maneno makubwa ya kuwatukana wote, kuanzia msimamizi mpaka Brisbane, yakapotea yote. Nilisema mke wangu aliogopa kunywa maji humu ndani, na nikasema kwa nini. Nikasema kibao, kengele, kipaza sauti. Dirishani Bwana Haddow alikuwa ananitazama kama mtu anayeona mvua ikiingia ndani ya gari lake.

Mkaguzi akauliza, "Ni yeye peke yake?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijua wakinyamaza, Vasemaca atakuwa mama mmoja aliyekuwa mgonjwa, na mimi mzee mmoja asiyetulia.

Kiti kikakwaruza nyuma. Alikuwa Litiana, amesimama, mikono ameikunja kifuani, hamtazami mtu.

"Mimi ni wa pasi," akasema. "Tangu mwezi uliopita nakojoa damu. Sijamwambia hata mama."

Ramrati akauachia ule uzi, akasimama. Savitri akasimama analia. Kisha viti vikaanza kukwaruza mstari mzima, na mkaguzi akainua mkono, akisema, taratibu, mama zangu, mmoja mmoja, na hakuna aliyemsikiliza.