Klachi Inayoteleza Baada ya Geti la Pili

"Pikipiki haina tatizo, Mama," mwanangu Hakaraia aliniambia, huku akichovya mkate wangu kwenye mchuzi wangu, mezani kwangu. "Tatizo ni mkono wako."

Mtu anayekula chakula chako na kukutukana kwa wakati mmoja, ujue umemzaa mwenyewe.

"Mkono wangu umefanya nini?"

"Umechoka. Vidole vinalala kwenye mkono wa klachi bila wewe kujua. Klachi inabaki nusu imeshika, nusu imeachia. Ndiyo maana injini inapiga kelele na pikipiki haipandi."

"Vidole hivi hivi vilivyokuwa vikikufinya masikio?"

"Hivyo hivyo, Mama. Sasa vimezeeka."

Kisha akanipangia maisha yangu yaliyobaki. Jumamosi wanyoaji wangekuja kuwanyoa kondoo kabla hawajaanza kuzaa. Wale majike wangu walioko juu ya kilima cha Pukewhero atawateremsha yeye, na kuanzia siku hiyo malisho ya juu ni kazi yake. Pikipiki itakwenda kwa Mzee Mokena, anayeitaka kwa ajili ya vipuri.

"Wewe kaa ndani," akasema. "Kuna joto, kuna televisheni."

"Televisheni nimeiona. Watu wale wale kila siku, na hakuna hata mmoja anayejua kufunga geti."

Nilicheka kwa mdomo tu. Tangu mume wangu Tiopira afariki, kila asubuhi ninapanda Pukewhero kuwatazama kondoo wangu. Nikikosa kilima kile, kinachobaki ni kiti cha dirishani na watu kupita wakiniuliza kwa sauti kubwa kama nimekunywa dawa. Nikaamua palepale, kijiko kikiwa mkononi: kabla ya Jumamosi nitajua ni nini kinachoitelezesha klachi ile. Kama ni mkono wangu, basi, nitanyamaza. Kama siyo, mtu atanitambua.

Ugonjwa wenyewe wa pikipiki ulianza na majira ya baridi. Nyumbani pikipiki inawaka vizuri. Geti la kwanza, kwenye tambarare, napita salama. Geti la pili, pale mteremko unapoanza kusimama wima, nafanya kama ninavyofanya miaka yote: nakamata mkono wa klachi, nasukuma kwa kidole kile kijino cha chuma kilicho chini yake ili kiushikilie, nashuka na injini inaunguruma ikiwa kwenye gia, nafungua geti, napita, nafunga. Pikipiki zetu za shamba zote zina kijino hicho, maana huku mtu akiwa peke yake na mageti, mikono miwili haimtoshi. Nikishapanda tena, naubana mkono wa klachi, kijino kinaanguka chenyewe, naachia, navuta mafuta. Ndipo balaa. Injini inalia kama nguruwe aliyekanyagwa, na pikipiki imekaa. Harufu ya kuungua inanijia puani. Bosi, mbwa wangu anayepanda nyuma kwenye kreti, anaruka chini na kunitazama kama abiria anavyomtazama dereva mlevi.

Nikiirudisha nyumbani na kuzunguka uwanjani, haina neno. Hapo ndipo Hakaraia alipopata maneno yake.

Mzee Mokena alikuja siku iliyofuata na tochi, jua likiwaka. Nyuma ya nyumba yake kuna pikipiki zilizokufa nyingi kuliko makaburi ya kanisani. Akainama, akagonga injini, akatikisa kichwa kama daktari.

"Pleti za klachi zimekwisha, Keita. Zimekuwa kama biskuti iliyozama kwenye chai."

"Umezifungua ukaziona?"

"Sina haja ya kuziona."

"Una haja ya tangi na magurudumu yangu."

"Ukija na wewe juu yake, sitakataa."

"Mzee wewe! Pleti zilizokwisha ni zako."

Akacheka hadi tochi ikamdondoka. Lakini aliniachia jambo la kufikiria. Pleti zikiisha, zimeisha kwa kila mtu. Haziwezi kujua nani amekaa juu. Nikamwambia Hakaraia aipande yeye mpaka juu, nione.

Akaipanda. Mwanangu ana uzito wa mimi wawili na begi la viazi, na pikipiki ikamchukua hadi kileleni bila hata kukohoa. Nilisimama uani nikimtazama akifungua geti la pili, akipita, akilifunga, akipaa. Aliporudi hakusema lolote la kejeli, na hilo ndilo lililoniuma. Alinishika bega tu.

"Umeona, Mama."

Nimeona. Pleti ni nzima, Mokena kakosea. Nikautazama mkono wangu wa kushoto, vifundo vimevimba kama tangawizi, na kwa muda nikaamini. Nikatamani kukaa. Basi nikaenda kuegemea uzio, na kwenye nguzo ya uzio nikaona mifuko yangu ya manyoya imetundikwa.

Mifuko hiyo alinishonea Hakaraia mwenyewe mwanzoni mwa baridi, kwa sindano ya magunia, kutoka ngozi ya kondoo wangu mzee niliyemlea kwa chupa. Inafungwa kwenye usukani, mmoja kila upande, nawe unatumbukiza mikono ndani, joto kama kitandani. Ni mizuri sana na ina sura mbaya sana, kama kondoo wawili waliogonga usukani na kukwama. Mimi siitoi kamwe. Yeye alikuwa ameivua kabla ya kupanda.

"Mbona umeivua?" nikamuuliza.

"Mama, njia ile inaonekana na watu wote wa bondeni."

Nikaichukua mifuko, nikaanza kuwaza. Nikiwaza hivyo, watoto wangu huwa wanajificha, lakini huyu amesahau.

Kesho yake asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Niliivua mifuko, nikaifunga nyuma kwenye kreti, Bosi akailalia. Nilipofika geti la pili vidole vilikuwa havisikii kitu, lakini nilifanya yote: kijino, kushuka, kufungua, kufunga. Nikapanda. Pikipiki ikapaa kama yangu ya zamani, nikafika juu nikiimba na machozi ya baridi yakiganda mashavuni.

Mtu mwingine angetosheka. Mimi nilijua Hakaraia angesema nini: siku moja haithibitishi kitu, leo hukuegemea klachi kwa sababu ya baridi. Nilitaka kumwona mwizi kwa macho. Nikateremka hadi geti lile lile, nikafunga mifuko mahali pake, nikaanza upya. Kabla ya kushuka niliutikisa mkono wa klachi. Ukiwa salama hucheza kidogo kabla haujaanza kuvuta waya, kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Ulicheza. Nikaweka kijino, nikafungua, nikapita, nikafunga, nikapanda, nikaubana, nikaachia. Nikavuta mafuta. Nguruwe akalia. Bosi akaruka chini.

Nikazima injini. Nikainua mikono yangu yote miwili juu hewani, kama mtu aliyekamatwa na polisi, ili hata Mungu ashuhudie kwamba sikushika kitu. Kisha kwa kidole kimoja nikaugusa mkono wa klachi. Haukucheza. Ulikuwa umekaza, umevutwa kidogo tu, na anayeuvuta si mimi.

Nikafunua mfuko na kuchungulia. Kidole changu kiliposukuma kijino, kilisukuma na manyoya. Kishungi cha sufu kilikuwa kimejisokota nyuma ya kijino na kukibana kisianguke chote. Nusu kimetoka, nusu bado kinashikilia klachi. Ukiuchomoa mkono wako mfukoni kwa nguvu, kama ninavyofanya nikifika nyumbani, sufu inatoka nao, na ushahidi unapotea.

Nilikaa kwenye nyasi nikacheka peke yangu. Hivyo mwanangu alinifungia klachi kwa mapenzi, halafu akanihukumu kwa sababu imefungwa!

Ningeweza kumwambia jioni ile. Sikumwambia. Niliirudisha pikipiki, nikapika mchemsho wa mifupa na mboga chungu anazozipenda, nikamwongezea.

Jumamosi wanyoaji walikuwa bandani wakinywa chai, Mzee Mokena amekuja na gari lake na kamba ya kufungia pikipiki. Kilima kizima kinaonekana kutoka bandani.

"Haya," nikamwambia Hakaraia, "nimekubali. Ila wateremshe kondoo kwa pikipiki yangu, na uendeshe kama ninavyoendesha. Mbwa nyuma, mifuko usukanini, mageti ufungue mwenyewe. Ikipanda, Mokena aibebe leo leo, sitasema neno."

"Mifuko ya nini tena, Mama?"

"Umeshona wewe. Ina aibu gani?"

Mnyoaji mmoja, dada mwenye mabega kama mlango, akapaza sauti: "Vaa bwana! Utapendeza! Tukikuchanganya na kondoo tutakunyoa polepole!"

Akaondoka amekunja uso, mikono imezama kwenye manyoya hadi viwiko. Geti la kwanza akapita. Geti la pili akashuka, akafungua, akapita, akafunga, akapanda. Tulisikia kilio kile hadi bandani. Pikipiki imekaa. Akavuta mafuta zaidi. Bosi akaruka chini, akakaa pembeni, akamtazama.

"Mkono umezeeka huo," nikasema, nikimimina chai.

Mokena alinipeleka kwa gari hadi getini, tochi mfukoni. Hakaraia alikuwa amesimama kando ya pikipiki, uso mwekundu.

"Klachi imekufa kweli sasa," akasema.

"Vidole vyako vimelala pale bila wewe kujua."

"Mama, sijaigusa! Naapa, sijaigusa!"

"Hata mimi niliapa. Ulinishika bega."

Nikachomoa sindano yangu ya kufumia kwenye kofia, nikaitumbukiza ndani ya mfuko, nikamvutia kishungi cha sufu mbele ya macho yake. Kijino kikaanguka, *tik*. Nikautikisa mkono wa klachi, ukacheza. Mokena akasogea na kuwasha tochi ili aone vizuri.

"Si pleti," akasema.

"Asante, daktari."

Hakaraia aliupapasa mfuko. "Nilitaka usipate baridi," akasema, kwa sauti aliyokuwa nayo alipokuwa anafika kiunoni kwangu.

"Na sikupata, mwanangu. Ondoka hapo."

Nikapanda. Bosi akaruka kwenye kreti bila kuitwa. Klachi ikashika, gurudumu likauma udongo, na tukapaa. Kondoo wangu walikuwa juu wakinisubiri, wazito kwa mimba, wakaidi, Bosi akawazungukia akibweka, nikawateremsha taratibu ili asiumie hata mmoja. Nilipofika geti la pili Hakaraia alikuwa bado pale, amelifungua wazi, amelishikilia hadi kondoo wa mwisho alipopita. Nilipokuwa sambamba naye aliuliza, "Kesho utapanda saa ngapi?"

"Saa ile ile."

Mokena alirudi kwao na kamba yake tupu. Bandani nilimpa Hakaraia mkasi mkubwa wa mkono nikamwambia aunyoe mfuko wa kushoto upande wa ndani. Akaunyoa mbele ya wanyoaji wote, nao wakamsimamia kama walimu: umeacha kishungi pale, geuza shingo, usimkate ngozi huyo. Siku hizi mfuko mmoja umenyolewa na mwingine bado, sura imezidi kuwa mbaya, nami siivui.

Mkono wenyewe? Unauma, hasa asubuhi. Lakini Hakaraia hajaniuliza kama unauma; kesi yake ilikuwa ya klachi.