Mstari wa Njano Kwenye Nati

Kazi yangu ilikuwa kushika kalamu ya rangi. Mjukuu wangu Lorette akikaza nati mpaka spana ya kipimo ilie "ka", mimi napiga mstari wa njano, nusu juu ya nati, nusu juu ya chuma kilicho pembeni yake. Nati ikisogea hata kidogo mstari unakatika, na yeyote anayechungulia anaona. Sheria hiyo aliiweka marehemu mume wangu Armand: anayekaza hapigi mstari. Alisema mtu akichoka anaamini amekaza hata kama hajakaza.

Ijumaa ile mchana tulikuwa kwenye banda letu la zamani la ng'ombe. Gari lilikuwa juu ya stendi, magurudumu yametolewa, na Lorette alikuwa anang'oa shokapu za umeme zilizokuja na gari. Kwa safari za kawaida ni nzuri, kompyuta inazilegeza na kuzikaza yenyewe. Lakini kwenye mashindano ya kupanda mlima zilikuwa zinapata joto nusu ya njia na kulainika. Mwaka uliopita zilimsukuma mpaka ukingoni kwenye kona ya Mawe Meupe. Siku hiyo aliporudi alikunywa chupa mbili za maji mfululizo.

"Nataka shokapu za kawaida, Bibi," aliniambia. "Naziseti mimi kwa mkono, na zinakaa vile nilivyoziseti. Sitaki kubishana na kompyuta kwenye kona."

Alifunga zile mpya. Kwenye nyaya zilizobaki akachomeka vidude vinne vidogo vya kuidanganya kompyuta kwamba shokapu zake bado zipo, isije ikapunguza nguvu ya gari. Alikaza nati za juu, nikapiga mistari yangu. Kisha akaingiza bolti mbili za chini za nyuma, akazungusha nati zake kwa vidole tu.

"Hizi sizikazi sasa," alisema. "Mpaka gari lisimame chini kwa uzito wake. Nikizikaza likiwa juu, mpira wa ndani utajipinda na kuchanika."

Nilimsikia vizuri. Lakini alipokwenda kunawa, mimi nilikuwa bado nimelala sakafuni juu ya mto wangu, kalamu iko wazi mkononi. Nikafikiri, gari likishashuka, goti langu halitaniruhusu kuingia huku tena. Nikapiga mistari miwili ya mwisho kwenye nati hizo za nyuma, nikisema moyoni kwamba nitamwambia.

Hapo akaingia Wendell Pruitt na sufuria ya supu ya mahindi. Wendell alikuwa rafiki wa Armand, na kila mwaka anashindana na Lorette.

"Shemeji, huyu binti amekulaza sakafuni kwa umri huo?"

"Nimejilaza mwenyewe," nilimwambia. "Niinue."

Aliniinua taratibu, akaniegemeza kwenye meza mpaka goti likatulia. Huwa hasahau goti langu.

"Binti, rudisha zile shokapu zako za umeme," alimwambia Lorette. "Nilishazoea kukushinda nazo."

"Utazoea na kushindwa, mzee. Kula supu yako."

Tukala, tukacheka, na mimi nikasahau.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ukungu chini ya mlima. Lorette alikuwa amevaa suti yake, helmeti iko mapajani. Nilimpa nusu ya mkate wangu wa mayai, akala kidogo tu.

"Bibi, jana uliniokoa," alisema. "Nilishusha gari usiku umeshaingia, nikawa sikumbuki kama nimekaza zile bolti za nyuma. Nikamulika tochi chini, nikaona njano yako kwenye zote mbili. Nikaenda kulala."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesifiwa. Akanibusu shavuni, akafunga helmeti, akaingia kwenye foleni.

Nilirudi kwenye kiti changu. Nilitia mkono mfukoni nitafute leso, nikashika kalamu. Ndipo nilipoelewa. Kahawa yangu ikanimwagikia miguuni bila mimi kusikia moto.

Mbele ya Lorette kulikuwa na magari mawili. Nilisimama, nikatembea. Kukimbia siwezi. Nilipaza sauti, lakini magari yalikuwa yananguruma na hakuna aliyegeuka. Gari la kwanza likaondoka. Nikashika kamba ya uzio nijivute. La pili likaondoka. Nilikuwa bado hatua thelathini hivi nilipoliona gari la kijivu la mjukuu wangu likirukia mlimani na kumezwa na ukungu.

Kwenye mstari wa kuanzia alisimama Darlene, mama wa makamo anayeruhusu magari, redio begani.

"Msimamishe," nilimwambia. Pumzi zilinikatika. "Bolti za nyuma hazijakazwa."

"Umejuaje, mama?"

"Mimi ndiye niliyepiga rangi kabla hazijakazwa. Yeye akaona rangi, akaamini. Kosa ni langu."

Watu walikuwa wamesimama pale, wote walisikia. Darlene hakuniuliza mara ya pili. Alishika redio.

"Vituo vyote, bendera nyekundu kwa gari namba kumi na saba. Msimamisheni taratibu."

Sauti ikajibu, "Kituo cha pili, ameshapita."

Kisha nyingine: "Cha tatu, ameshapita. Kuna kitu kinagonga nyuma."

Kona ya Mawe Meupe iko baada ya kituo cha nne. Hakuna ukingo wa chuma pale, ni mawe halafu misonobari, na misonobari iko mbali chini. Niliiona kona ile akilini kama ninavyoliona jiko langu. Nilimwona akiwa na miaka minne, amevaa viatu vya Armand. Redio ilikwaruza tu. Darlene alinishika mkono, naye mkono wake ulikuwa baridi kama wangu.

"Cha nne," alisema. "Cha nne, nijibu."

Ikakwaruza tena. Nilianza kuhesabu, nikafika kumi na moja.

"Cha nne hapa. Amesimama. Anatoka kwenye gari."

Nilikaa chini pale pale kwenye lami. Mwanamume mmoja nisiyemjua alivua koti lake, akanifunika mabega, akaenda zake.

Waliliteremsha gari kwa mwendo wa miguu. Wendell aliacha zamu yake ya kupanda, akaleta vibao vyake vya mteremko vya kupandishia magurudumu ili gari lisimame kwa uzito wake na mtu aweze kuingia chini. Alimulika tochi, akagusa nati moja moja kwa kidole.

"Nati ya kulia imebakiza nyuzi mbili tu itoke kwenye bolti," alisema. "Njoo uone, binti."

Lorette aliingia, akatoka.

"Ni mimi," nilisema. "Nilipiga ukiwa unanawa. Nilikusikia ukisema bado, nikapiga tu, kwa ajili ya goti."

Aliniangalia. Nilingoja anifokee, nami ningepokea.

"Na mimi nilimulika tochi, Bibi. Sikushika spana," alisema. "Lete mto."

Wendell alinisaidia kulala chini ya gari. Niliuona mstari wangu mwenyewe, umekatika, kipande kimoja kwenye nati, kingine mbali kwenye chuma. Niliufuta, pamoja na ule wa kushoto, kwa kitambaa na petroli mpaka chuma kikabaki kitupu. Lorette akakaza kushoto, ka. Akakaza kulia, ka.

"Rudia," nilimwambia.

Akarudia zote mbili bila kukunja uso, ka, ka. Nikapiga mistari mipya, ikatoka imepinda.

Saa nane mchana alirudi kwenye foleni. Sikumwomba asiende, ingawa neno lilikuwa mdomoni. Darlene aliniwekea kiti karibu na redio yake. Ukungu ulikuwa umeinuka, gari likaonekana mpaka kona ya kwanza, halafu likapotea.

"Cha pili, amepita."

"Cha tatu, amepita. Kimya nyuma."

Nilishika kalamu kwa mikono miwili, nikasubiri cha nne.

"Cha nne, amepita."

Vilikuwa vimebaki vituo vitano mpaka kileleni.