Meza Iliyojaa Tibbets

Shemeji yangu Verlin Stoops anakusanya kadi zenye picha ya mchezaji mmoja tu wa mpira wa kikapu, Orlan Tibbets, kijana wa hapa hapa Kokomo aliyefika ligi kuu na kukalia benchi mpaka mkataba ukaisha. Zamani mchezaji wa aina hiyo angechapiwa kadi moja kwa msimu, na ashukuru. Siku hizi kampuni za kadi zimeingiwa na wazimu. Picha ni ile ile, Tibbets na fulana ya mazoezi anapiga miayo, ila leo ukingo ni wa fedha, kesho mwekundu, keshokutwa unametameta kama karatasi ya peremende. Kila rangi ni toleo jipya, na kila toleo Verlin analitaka. Mwenye duka la kadi ni mimi, ninayemuuzia ni mimi, na bado naona ni upuuzi mtupu.

Kadi zilijaza kabati, zikahamia meza ya kulia chakula. Dada yangu Jolene alipoacha kuongea naye, Verlin akaapa: siku atakayopata kadi ya mwisho, meza itarudi. Ilikuwa imebaki ile yenye ukingo mweusi, iliyochapwa moja tu duniani. Sikukuu ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi, ilikuwa inakaribia, na Jolene alitaka kitu kimoja, familia yake ikae mezani kula bata mzinga kama watu.

Tibbets mwenyewe sasa anauza magodoro ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu. Verlin hakuwahi kuvuka kumsalimia. Mimi ndiye niliyemdokezea Tibbets habari hizi, na Jumatatu ya wiki ya sikukuu akaingia dukani, Verlin na Jolene wakiwepo. Mkononi alikuwa na ile kadi nyeusi. Kumbe kampuni ilimpa yeye kama zawadi.

"Wewe ndiye Verlin? Nasikia unanitafuta."

"Sikutafuti wewe, bwana. Natafuta hiyo."

"Basi ni yako, kaka."

"Meza yangu!" Jolene akapiga makofi.

Tibbets, kwa moyo mweupe, akachukua kalamu yangu na kuandika juu ya kadi: Kwa rafiki yangu Verlin. Akatia saini.

Verlin alipiga yowe kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. "Umeiharibu! Umeichora!"

"Si saini yangu hiyo?"

"Nani kasema ni yako? Wakaguzi wanaothibitisha saini za kadi wataniuliza, nani alishuhudia?"

"Mimi," Jolene akasema. "Kwa macho yangu mawili."

"Wewe una muhuri?"

Tibbets akatoa leseni ya udereva. Verlin akaigeuza mbele na nyuma, akakagua pembe zake, akamrudishia.

"Samahani," Tibbets akasema. "Miaka yote niliyocheza hakuna aliyeniomba saini. Nimeona kalamu, mkono ukaniwasha."

Nilimhurumia mpaka nikatamani kumzaba shemeji kofi. Lakini Verlin alishakata shauri: kadi iliyochorwa haihesabiki, kwa hiyo ya mwisho haijapatikana, kwa hiyo meza haitoki.

"Ilikuwa moja duniani, Verlin!" Jolene akafoka. "Nyingine itatoka wapi?"

"Watachapa tu. Hawa jamaa unawajua."

Hilo ndilo neno pekee la maana alilosema siku ile.

Jolene akamgeukia mgeni. "Alhamisi unakula wapi?"

"Nyumbani. Peke yangu."

"Utakula kwetu."

Alhamisi Tibbets alikuja na pai ya maboga. Akasimama mbele ya meza, akajitazama: Tibbets safu kwa safu, kila mmoja ndani ya plastiki yake, wote wakipiga miayo. Jolene alijaribu kusogeza wachache apate pa kuweka sahani ya mgeni, Verlin akamdaka mkono.

"Angalia mchuzi, mke wangu!"

Tukala sebuleni, sahani magotini. Makochi yalijaa, Tibbets akaishia kwenye benchi la kuvulia viatu, karibu na mlango. Jolene alimwomba radhi huku machozi yakimlengalenga.

"Usijali, dada," Tibbets akasema, akiweka kikombe sakafuni. "Nafasi hii ndiyo niliyochezea miaka yote."