Waliotumwa Kumfukuza Kocha

Klabu ilipomfukuza kocha wake wa miaka mingi, fundi wa makochi alifurahi, na kosa lake lilikuwa kufurahi mbele ya mama mkwe.

Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na aliishabikia klabu ile tangu fundi hajaota meno. Baada ya kufiwa na mumewe alihamia kwa binti yake. Kila asubuhi, akishamaliza chai, alishuka kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba, akachagua kochi lililokuwa limeshawekwa sponji lakini halijavikwa kitambaa, akakaa, na mjadala ukaanza. Fundi alijibu akiwa na misumari midomoni. Ilimsaidia, maana mtu hagombani na mkwewe, na misumari ilimpa muda wa kuchagua maneno.

Kocha aliyeondoka mashabiki walimwita Mzee wa Makombe. Alileta makombe kweli, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya hali aliyoiacha. Fundi alisema timu ilikuwa imeoza kwa ndani kama kochi zuri lenye mbao zilizoliwa na mchwa. Mshambuliaji nyota, yule aliyeitwa Umeme, alifika mazoezini akitaka na kuondoka akitaka. Chipukizi walimbebea begi. Uwanjani wenzake wote walikuwa na kazi moja tu, kumtafuta yeye, na asipopewa mpira alisimama mikono kiunoni akiwatazama kama wamemwibia. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mtoto akizaliwa salama hakuna anayeuliza mkunga alikuwa na hasira au alikuwa anacheka. Makombe yalikuja. Basi.

"Na wewe, mkwe wangu," akamalizia, "shughulika na makochi. Makocha waachie wenyewe."

Mafundi wenzake waliangua kicheko, na utani huo ukamganda kwa wiki nzima.

Kocha mpya alikuwa mtu mdogo wa umbo, ambaye kabla ya hapo alifundisha timu za watoto na klabu moja ya daraja la chini. Waandishi walipomuuliza maswali marefu alijibu maneno mawili matatu na kushukuru. Mashabiki wakambatiza jina la Bwana Kimya. Habari za mambo yake zilianza kuvuja. Wachezaji wote sasa walikula meza moja, na hakuna aliyeinuka kabla anayefua jezi hajamaliza kula. Kiti cha nyuma ndani ya basi, kilichokuwa cha Umeme peke yake, kilikuwa cha yeyote. Kila mtu alibeba begi lake. Katibu wa tawi lao la mashabiki, muuza rangi za nyumba aliyependa kuongea akiwa amesimama, aliuliza mkutanoni kama klabu imeajiri kocha au mwalimu wa adabu. Watu walicheka, kwa sababu wakati huo timu ilikuwa imeanza kufungwa.

Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, ikafungwa tena nyumbani na timu iliyokuwa ikiburuza mkia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, fundi alijitetea, mpeni muda. Lakini hata yeye sauti ilikuwa imepungua. Tawi likakutana na kuamua kwamba watumwe watu waende kumwambia kocha ajiuzulu kabla ya mechi ya Jumamosi. Alichaguliwa katibu, kwa ajili ya mdomo wake. Alichaguliwa mama mkwe, kwa sababu nusu ya wachezaji wa timu ya vijana walizaliwa mikononi mwake na hakuna mlinzi ambaye angemzuia getini. Fundi alichaguliwa kwa kuwa alikuwa na gari la kubebea makochi.

Waliondoka asubuhi na mapema. Uwanja wa mazoezi ulikuwa bondeni, karibu na mto, na walipoanza kuteremka waliingia kwenye ukungu mzito hivi kwamba fundi aliwasha taa na kuendesha kwa mwendo wa kinyonga. Njia nzima katibu alikuwa akijaribu hotuba yake. Ilikuwa na sehemu ya heshima, sehemu ya masikitiko, na sehemu ya mwisho iliyokuwa kali. Mama mkwe alimshauri aanze na ile kali, maana mtu akishapakwa mafuta sana hasikii sindano.

Mlinzi getini alimwamkia mama shikamoo, akawaambia mazoezi yameanza, wapite tu wasimame kwenye uzio.

Walisimama kwenye uzio na hawakuona kitu. Palikuwa na weupe mtupu. Nyasi zilionekana hatua chache mbele yao, kisha zikamezwa. Fundi alidhani mlinzi amekosea, kwamba mazoezi yameahirishwa na watu wamelala. Katibu akafungua mdomo kusema hilo hilo.

Ndipo wakasikia mpira ukipigwa.

Ulikuwa mlio mmoja, mzito, halafu jina. Sauti ya mwanamume mbali upande wa kushoto iliita, "Kigingi." Mpira ukapigwa tena, sasa karibu. "Komeo." Ukapigwa. "Umeme." Ukapigwa. Majina yalitoka huku na kule, hayakupigiwa kelele, yaliitwa kama mtu anavyomwita nduguye chumba cha pili, na baada ya kila jina mpira uliitika. Hapakuwa na filimbi wala mtu aliyegomba. Zilisikika nyayo nyingi zikikimbia kwenye nyasi zilizolowa, zikija kama mvua inayosogea, zikageuka zote kwa pamoja bila mtu kusema geukeni, zikaondoka.

Fundi alikuwa ameenda uwanjani tangu utotoni, na hakuwahi kusikia timu ikicheza hivi. Alichokijua yeye ni ile "nipe, nipe, nipe" ya watu wote kwa wakati mmoja. Alitega sikio akiisubiri. Haikuja. Taratibu akaelewa kwamba hakuna hata mmoja humo ndani aliyekuwa akiomba mpira. Kila aliyeita alikuwa akiita jina la mwingine.

Aligeuka kumtazama katibu akamkuta ameshika waya wa uzio kwa vidole vyote kumi, kichwa amekiinamisha. Mama mkwe alikuwa amevua kilemba kilichomziba masikio, jambo ambalo fundi hakuwahi kumwona akilifanya mbele ya watu, na umande ulikuwa umetua juu ya mvi zake.

Hawakujua walisimama muda gani. Mara mtu mdogo mwenye koti la mvua alitokea kwenye ukungu, akiwa amebana koni za plastiki kwapani, akaja mpaka kwenye uzio. Alimwamkia mama kwanza, kisha akawasalimia wanaume, akasema mlinzi amemwambia wana shida naye.

Macho yote yakamwendea katibu. Katibu alikohoa. Ile hotuba, pamoja na sehemu zake zote, ilikuwa imemkimbia. Alichouliza ni wachezaji wanaonaje.

"Hawaoni," kocha akasema. "Aliye karibu na mchezaji aliye wazi ndiye anayemwona. Basi anamwita, na mwenye mpira anafuata sauti. Ila jina lako mwenyewe huruhusiwi kulitaja."

"Na ukungu?"

"Ukungu hatukuupanga. Umetukuta, tukaona tusirudi ndani." Akageuka kusikiliza kidogo, akatabasamu. "Hata mimi ni mara yangu ya kwanza kuusikia mchezo wao hivi."

Mama mkwe akauliza kama Umeme naye alikubali mchezo huo. Aliuliza kwa mashaka, maana alimpenda Umeme kama mtu anavyompenda mtoto mtundu. Kocha alisema ni vizuri amuulize mwenyewe, akaita. Umeme akatokea, amelowa toka kichwani mpaka viatuni, mwembamba kuliko anavyoonekana kwenye mabango. Alipomtambua mama alipiga goti kidogo kumwamkia. Mama akarudia swali.

Umeme alijifuta uso kwa jezi.

"Mama, mwezi mzima wa mwanzo hakuna aliyeniita," akasema. "Nilikuwa nakimbia uwanja mzima, niko peke yangu, niko wazi kabisa, na hakuna anayetaja jina langu. Nilidhani ni njama. Nikaenda kwa kocha kusema nataka kuhama. Akaniuliza mimi nimeita wangapi."

Nyuma yake majina yaliendelea.

"Nilikuwa sijaita hata mmoja. Wengine nilikuwa siyajui majina yao vizuri. Basi nikaanza kuita. Nikaita kama wiki mbili hivi, mimi naita tu. Halafu siku moja Kigingi akaniita." Akacheka, akatazama chini. "Nilifika nyumbani nikamsimulia mke wangu kama mtoto aliyesifiwa shuleni."

Kigingi alikuwa beki wa kulia, mtu ambaye mashabiki walimjua zaidi kwa kumtukana.

Umeme aliaga akarudi, na ukungu ukamfunika kabla hajafika mbali. Fundi aliona ni afadhali waondoke, wasiseme walichotumwa. Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kumeza ujumbe wa watu. Alifunga tena kilemba chake, akajiweka sawa.

"Mwanangu," akamwambia kocha, "tumetumwa na tawi letu tukwambie uondoke kabla ya Jumamosi. Nimetumwa, kwa hiyo nimesema."

"Nimesikia, mama," kocha akajibu. Hakuonekana kushtuka wala kukasirika. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi mwenyewe naomba niendelee kusimama hapa mpaka ukungu uishe."

Kocha aliagiza mama aletewe kiti. Akakaa pale mpaka jua lilipopenya, na ukungu ukaanza kuinuka kutoka chini, ikaonekana miguu kwanza, miguu mingi isiyo na wenyewe ikikimbia, kisha magoti, kisha viuno, na mwisho nyuso. Fundi aliona uso wa mwanamke aliyepokea watoto maelfu, asiyeshangazwa na lolote, umelegea kama wa mtu aliyeonyeshwa kitu kwa mara ya kwanza. Aliona vibaya kuendelea kumtazama, akageuka.

Kurudi, fundi aliendesha taratibu mpaka barabara kuu, ingawa ukungu ulikuwa umeisha.

Jioni tawi lilikutana kusikiliza majibu, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Katibu alisimama, akaanza, akakwama, akaanza tena. Alisema wamefikisha ujumbe. Alisema pia kwamba yeye binafsi anaufuta. Watu wakataka sababu, naye akaeleza juu ya ukungu na majina. Maelezo yalipotoka mdomoni mwake yalikuwa mambo madogo kabisa: wanaume wanaitana asubuhi. Mmoja aliuliza walilishwa nini huko bondeni. Mwingine alisema kocha amewaroga. Fundi alijaribu kusaidia akaharibu zaidi. Mama mkwe ndiye aliyewanyamazisha, kwa kuwaambia kwamba hawalazimiki kuamini, magari ya kwenda bondeni yapo na uzio hauna kiingilio.

Jumamosi timu haikushinda. Ilitoka sare, bao moja kwa moja, na bao lao alifunga Kigingi kwa kichwa, mtu ambaye hakuwa amefunga tangu ajiunge na klabu. Umeme alikuwa na nafasi ya kupiga mwenyewe akampa yeye. Nusu ya uwanja walishangilia, nusu wakamzomea Umeme kwa kupoteza makali. Kocha hakufukuzwa, labda kwa sababu klabu haikuwa na fedha za kumfukuza wa pili. Msimu uliisha bila kombe, wakiwa nafasi ya tano, na mabishano hayakuisha.

Karakanani hali ilikuwa ile ile, ila si ile ile. Mama mkwe aliendelea kusema kwamba Mzee wa Makombe hakutendewa haki, na kwamba nafasi ya tano haiwekwi kabatini. Fundi aliendelea kutoa misumari midomoni na kumpinga kwa adabu. Lakini siku za mazoezi ya wazi, mmoja wao akitaja tu kwamba leo hakuna kazi nyingi, mwingine alikuwa ameshachukua viatu.

Mara nyingi walimkuta katibu amefika kabla yao, duka lake amelifunga. Alikuwa akisogea kando awapishe kwenye uzio, wakisalimiana kwa kichwa tu. Wengine wa tawi nao walianza kuja, mmoja mmoja, hata yule aliyesema wamerogwa, akidai amepita njia.

Ukungu ule haukurudi tena. Asubuhi zilikuwa angavu, na chini ya jua yale yalikuwa mazoezi tu: mtu anakosea pasi, anainua mkono kuomba radhi, koni zinaanguka, kocha anaziokota. Kigingi bado aliirukia mipira ambayo alipaswa kuituliza. Mama mkwe alikuwa akitazama yote hayo bila kupepesa, mikono mapajani, kama mtu aliyekaa mahali patakatifu akisubiri wengine wamalize kusali. Kisha wakipanda gari kurudi, kabla fundi hajawasha injini, alikuwa akisema kwamba upande wa kushoto pana tatizo, na fundi alikuwa akijibu kwamba tatizo liko katikati, nao wakabishana mpaka nyumbani.