Mito ya Huku

Mimi si mtu wa kupotea. Nasema hivyo nikijua vizuri kwamba habari ninayotaka kuieleza ni ya siku niliyopotea, tena nikampoteza na mwenzangu, na kidogo tu nipoteze na shamba. Lakini ni heri ujue mapema nina kichwa cha namna gani. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kusema kwamba Waithira akishaamua leo ni Jumanne, hata kengele ya Jumapili haimtoi shambani. Watu walicheka, nami nikacheka nao, halafu nikakaa mwezi mzima bila kumsalimu.

Mwaka ulikuwa wa sabini. Tulikuwa tukiishi kwenye kambi ya msitu kule Timboroa, katika nyumba za mbao zilizopangwa mstari mmoja. Kazi yetu ilikuwa kupanda miti ya serikali, na katikati ya miche tuliruhusiwa kulima viazi na kabeji. Miti ikishakupita kimo, unaambiwa uhame uanze kwingine. Kwa miaka saba nilihamishwa mara tatu. Mume wangu Kinyanjui ndiye aliyesema imetosha, akaingia katika kampuni ya watu wetu waliokuwa wakinunua shamba la Kaburu mmoja upande wa Kesses. Alimaliza hisa yake, na miezi minne baadaye akaangukiwa na gogo akafa. Nikabaki mimi, binti yangu Hellen, na cheti cha hisa.

Hata hicho cheti sikubaki nacho. Wiki ya matanga, shemeji yangu Zachariah alikichukua, akasema anakwenda kukiweka salama. Nilimtazama akikikunja na kukitia mfukoni mwa koti, na moyoni nikasema, haya, imeanza. Nilikuwa nimewaona wajane wangapi? Leo cheti, kesho shamba, kesho kutwa unaambiwa urudi kwa baba yako.

Siku ya kugawa mashamba ilipotangazwa, Zachariah alikuja nyumbani jioni ya kuamkia siku yenyewe. Alisema lori la kampuni lingebeba watu alfajiri na amenishikia nafasi. Halafu akaongeza kwamba kama sijisikii vizuri nisijisumbue, yeye atakuwepo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyoyasikia. Sheria ya kampuni ilikuwa kwamba kila mwanachama aitwe jina, achote karatasi mwenyewe kutoka kwenye debe, na namba atakayoichota ndiyo shamba lake. Ukiitwa mara tatu na haupo, jina linakwenda kwa wale wa akiba, isipokuwa uwe na ndugu wa kukuchotea. Sasa nani asiyeona mtu huyu alikuwa anataka nini? Nilimjibu kwamba nitafika kwa miguu yangu, asante. Alinitazama kidogo, akavaa kofia yake akaenda.

Kulikuwa na njia ya msituni ambayo wakata mbao waliitumia. Nilikuwa nimeipita mara moja na Kinyanjui, siku ya jua, mimi nyuma yeye mbele. Ukiondoka saa kumi na moja unatokea kwenye mashamba ya ngano kabla ya saa nne, na mkutano ungeanza saa nne. Kwa sababu ya nyati sikutaka kwenda peke yangu, nikamwomba jirani yangu Tryphosa anisindikize. Tryphosa alikuwa mke wa Phineas, mlinzi wa bustani ya miche. Walikuwa watu wa Bungoma, na yeye mwenyewe alizaliwa kando ya mto Nzoia. Alikuwa na kaka yake, Wasike, aliyekamua ng'ombe huko Kesses, akasema ni vizuri, atapata kumsalimia. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na mtaratibu wa maneno, na nilimpenda kwa hilo, maana mimi nilikuwa na maneno ya kututosha sote wawili.

Tulikwenda vizuri mpaka kulipopambazuka. Halafu ukungu ukashuka. Asiyeujua ukungu wa Timboroa asidhani nasema habari ya moshi mwembamba wa asubuhi. Unaona mkono wako na fimbo yako, basi. Tukakuta miti mikubwa imeangushwa juu ya njia, tukazunguka kuikwepa, na tulipotaka kurudi njiani, njia haikuwepo. Tulitafuta kulia, tukatafuta kushoto. Kila tulipogeuka msitu ulikuwa ule ule.

Sikuogopa, kwa sababu nilisikia maji. Kwetu Murang'a hakuna anayeuliza mashariki iko wapi. Nchi yote imelala kuelekea jua linakochomoza. Kati ya kilima na kilima kuna mto, na kila mto unatoka milima ya Nyandarua ukishuka mashariki. Hata katika mazungumzo yetu, mtu akisema chini anamaanisha mashariki, na akisema juu anamaanisha magharibi, na mtoto wa miaka mitano haulizi zaidi. Kesses iko magharibi ya Timboroa. Kwa hiyo nilipokifikia kile kijito nilitia mkono ndani, nikajua maji yanaelekea wapi, nikageuka nikaanza kupanda.

Tryphosa alibaki amesimama. "Mama Hellen," akasema, "mimi naona kama tushuke na hii maji."

Nilimweleza kwa upole, ule upole wa kumweleza mtu asiyesoma, kwamba tukishuka tutarudi tulikotoka na hata kupita. Akasema sawa. Akanifuata.

Tulipanda. Kijito kilikuwa kimejaa mawe ya utelezi, na pale kingo zilipobana tulitembea ndani ya maji yenyewe, baridi ikatupanda mpaka magotini. Mdomo nao haukupumzika. Nilimweleza Tryphosa yote kuhusu Zachariah: alivyochukua cheti, alivyohesabu mbuzi wa marehemu ndugu yake siku ya tatu ya msiba, anavyocheka bila kuonyesha meno. Nilimwambia na nitakachomwambia nikifika, mbele ya kamati nzima, neno kwa neno. Niliyapanga yale matusi yakapangika. Nadhani yalinipasha moto kuliko shuka niliyojifunga.

Kijito kikawa chembamba, kikawa unyevu tu, halafu kikaisha ndani ya mianzi. Hapakuwa na shamba la ngano wala uzio wa Kaburu. Kulikuwa na mianzi, na kinyesi cha nyati ambacho hakikuwa cha zamani. Gari la moshi likapiga honi mahali fulani. Nikanyoosha mkono kulia nikasema reli ile pale. Wakati huo huo Tryphosa alikuwa amenyoosha mkono wake kushoto. Tukatazamana, na hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza.

Niliketi juu ya mzizi. Sikuwa nalia, lakini sikuwa mbali. Nilikuwa nawaza kwamba sasa hivi wanaume wamejipanga mbele ya lile debe, na kwamba Hellen atakua akiwa mtoto wa kambi, akihamishwa na miti.

Tryphosa aliketi kando yangu. Akaanza kunieleza habari za mama yake, na mimi nikashangaa mtu anawezaje kukumbuka mama yake wakati kama huo.

"Huku juu ikinyesha sana," alisema, "kwetu Nzoia inajaa na inaleta magogo. Ni ile miti nyekundu yenye inanukia kama penseli. Mama anavuta moja na kamba, anakausha, anapasua kuni. Na kwetu huo mti haumei, Mama Hellen. Hakuna hata mmoja. Sasa hiyo magogo hutoka wapi?"

Nyuma yangu kulikuwa na mti ambao nilikuwa nimeuegemea, na bila kutaka nilibandua kipande cha gome lake nikakiweka puani. Ulikuwa mtarakwa, ule ule mti mwekundu aliousema. Ulinukia kama darasa la watoto siku ya kufungua shule.

"Wewe unasema mto huu unakwenda kwenu," nikasema.

"Hii yote inaenda kwetu. Na kwetu ni jua linakotua."

Bado nilikuwa na jibu. Mimi huwa na jibu. Nilitaka kumwambia kwamba mito haifanyi hivyo, na nilikuwa nimefungua kinywa, ukungu ulipopungua mbele yetu na kitu cheupe kikaonekana kati ya mianzi, cha mviringo, hakina makali. Lilikuwa jua. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, na lilikuwa mbele yangu, upande ambao nilikuwa nikiuita magharibi tangu alfajiri. Nakuambia ukweli, kwanza nililikasirikia. Niliona kama jua ndilo lililokosea.

Halafu nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kukaniuma kuliko baridi. Miaka saba nilikuwa nimekula viazi vya nchi hii, nimezika mume katika udongo wake, na bado kichwani mwangu mito yake ilikuwa ikishuka Murang'a. Sikuwahi kuitazama. Nilichota maji yake kila siku na sikuwahi kuuliza yanakwenda wapi. Huyu mwanamke aliyekuwa akinifuata tangu asubuhi bila kulalamika alikuwa ameniambia, kwa sauti ya kawaida, nami nikamwona mjinga.

Nilimwambia Tryphosa atangulie. Alifunga upya kitambaa chake kichwani akaanza kushuka, nami nikafuata mgongo wake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilinyamaza.

Tulipita pale tulipokigundua kijito na kuendelea kushuka nacho. Vijito vingine vikakiingia, kikawa mto. Ukungu ukatuachia. Saa nane ilikuwa imepita tulipotoka msituni, na uwanda wote ukafunguka mbele yetu, majani na ngano na waya za seng'enge mpaka mwisho wa macho. Nilijua kwa jua kwamba yote yalikuwa yamekwisha. Nilikwenda tu kwa sababu miguu ilikuwa haina mahali pengine pa kwenda, na kwa sababu ya yale matusi. Hayo nilikuwa bado ninayo yote.

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la Kaburu. Kabla hatujafika tulisikia kelele. Watu zaidi ya mia walikuwa wamesimama duara, wengine wanapiga miluzi, na Mzee Gerishon, mwenyekiti wa kampuni, alikuwa akifuta jasho kwa orodha ya majina. Nilipenya katikati. Pale katikati ya duara, juu ya debe la karatasi za mashamba, alikuwa ameketi Zachariah.

Alikuwa amelikalia. Koti lake lilikuwa limechanika begani na kofia haikuwa kichwani. Mama mmoja aliyesimama kando yangu alinieleza, kwa hasira, kwamba mwendawazimu huyo amekaa hapo tangu saa sita. Jina la mjane wa ndugu yake liliitwa mara tatu. Kamati ikamwambia, wewe ni ndugu, chota wewe tuendelee. Akakataa. Akasema mwenyewe anakuja. Wakasema basi jina liende kwa wa akiba, na hapo ndipo alipoketi juu ya debe. Wanaume watatu walijaribu kumwinua wakashindwa. Namba yake mwenyewe alikuwa ameshaichota asubuhi, namba nzuri kando ya barabara, na angeweza kuwa nyumbani anakunywa chai.

Zachariah aliniona. Alitazama matope yaliyokuwa yamenifika kiunoni, akamtazama Tryphosa, akanitazama tena.

"Umetoka wapi, Mama Hellen?"

"Nilipotea," nikasema.

Akainuka polepole, kama mtu ambaye magoti yamekufa ganzi, akajipangusa suruali. "Chota basi," akasema. "Watu wako na njaa."

Nilitia mkono ndani ya debe. Karatasi zilikuwa na joto. Nilitoa moja nikashindwa kuisoma, maana macho yalikuwa yamejaa, na Mzee Gerishon akaichukua akaisoma kwa sauti akaandika. Niliona haya. Sijui kama kuna neno kubwa zaidi ya hilo, kama lipo ndilo nililolihisi. Tryphosa, aliyesikia kila kitu nilichosema mlimani, alikuwa ametazama chini.

Zachariah aliishi miaka tisa baada ya siku hiyo. Alinisaidia kusimamisha nyumba, akamsindikiza Hellen shule ya sekondari na sanduku lake begani. Mara nyingi nilijiambia leo nitamweleza nilivyomdhania, na mara nyingi nilipika chai nikaketi mbele yake nikazungumzia mvua. Aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunapura maharagwe, kwa nini siku ile nilikataa kupanda lori. Nikamwambia lori hunifanya nitapike.

"Ungesema," akanijibu. "Ningekuwekea mbele na dereva."

Aliniamini kabisa.