Pigo Nililoliweka

Usiku wa jana niliota Jumatano ile ya miaka sita iliyopita, tarehe kumi na saba Aprili, siku mgambo walipobomoa vibanda vya stendi na mke wangu Tumpe akafa. Safari hii ndoto ilikuja kama mchezo wa mezani.

Mchezo wenyewe naujua kidogo. Binti yangu Sekela aliuleta kutoka chuoni. Mnakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu wa zama za mapanga na majoka. Mnarusha dadu yenye pande ishirini kuona kama jambo limefaulu, na msimamizi anawaambia kilichotokea. Jumapili walipungukiwa mtu, wakaniweka mimi. Kwenye karatasi yangu, palipoandikwa SILAHA, nikaandika: hakuna.

"Baba, utakufa mapema," Sekela akasema.

"Mtu wangu hapigi mtu."

Hakuuliza kwa nini. Anajua. Ujanani nilikuwa mgomvi wa vilabuni, na siku ya ndoa nilimwahidi mama yake kwamba sitainua mkono tena. Mgambo walipotaka kumnyang'anya cherehani yake, akaikumbatia, wakamsukuma, akagonga kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Mimi nilisimama pale pale, mikono chini.

Sasa, ndotoni, niko mezani, na meza iko stendi, katikati ya mabati yaliyolala. Msimamizi amekaa nyuma ya kadibodi, kama wasimamizi wanavyokaa, ili tusione anavyorusha dadu zake. Kadibodi hii ina ghorofa tatu na mlinzi mlangoni. Naona vidole vyake tu, na pete. Ndivyo walivyo wakubwa.

"Joka linatokea," anasema.

Linatokea. Limeundwa kwa cherehani zote walizozichukua siku ile. Linatema sindano. Sekela ameshika sinia kama ngao.

"Baba, zamu yako! Piga!"

"Nalisalimia," nasema.

"Unalisalimia? Linatuua hili!"

"Hujambo, joka."

"Sijambo," linasema joka. "Shikamoo."

"Marahaba."

Dadu inabingirika, inasimama kwenye tisa, inakohoa. "Salamu imefika nusu," inasema. Joka linaacha kutema sindano, ila linabaki limekunja uso.

Naangalia tena, stendi haipo. Tuko kwenye korido ya ofisi ya wakubwa wa mgambo, ile niliyoiendea mara kumi na moja baada ya mazishi. Joka limekaa kwenye benchi, linangoja foleni. Kadibodi iko mwisho wa korido. Mlangoni anatoka mgambo, mmoja tu, ila ana mikono kumi na rungu kila mkono. Ananikamata shati kifuani. Kifungo kinaruka, kama kilivyoruka siku ile.

Sekela ananiwekea upanga mkononi. Analia. "Mara moja tu, Baba. Kwa ajili ya mama."

"Mimi niko tayari miaka sita," unasema upanga.

Ni mwepesi. Naunyanyua mpaka begani. Nakiri, naunyanyua.

Halafu naulaza kwenye benchi, karibu na joka. "Nakaa," nasema. Nakaa.

Mgambo ananitazama, anatazama marungu yake kumi, anaketi na yeye.

Nyuma ya kadibodi kurasa zinafunuliwa. "Sheria ya arobaini," anasema msimamizi, hana furaha. "Pigo ambalo mtu hakulipiga linageuka swali. Unalo moja. La stendi."

Kabla sijasema, joka linainama, linaokota kifungo changu. "Kaa vizuri, Baba Sekela," linasema, kwa sauti ya Tumpe. Linaanza kushona. Uzi ni wa kijani, ule aliokuwa akishonea sketi za shule asubuhi ile.

"Mama Sekela," nasema, "ningepiga, ungekuwa hai?"

"Mimi ni cherehani," linasema. "Nashona tu. Usitingishike."

Linakata uzi kwa jino. Nasimama mbele ya kadibodi.

"Nani alitoa amri?"

Narusha dadu. Inabingirika korido nzima, inapita chini ya viti, inasimama.

"Ishirini," inasema. "Lazima ajibu."

Vidole vinavua pete. Kadibodi inakunjwa ghorofa ya kwanza, ya pili. Naona mvi. Naona paji la uso, lina jasho kama la mtu yeyote.

"Aliyetoa amri," anasema, "ni..."

"Baba, chai inapoa!"

Kumekucha. Sekela amesimama mlangoni na kikombe. Naona anatazama shati langu kwenye msumari, lile la siku ile. Miaka sita nalivaa kila nikienda ofisini, limeachia pale kifuani. Sikutaka kifungo kingine. Nilitaka wakubwa waone pengo.

"Nani kakushonea?" anauliza.

Naamka, nalishika. Kifungo kipo, kimekazwa, uzi wa kijani. Humu ndani hakuna anayejua kushona, na cherehani yetu haijarudishwa mpaka leo.

"Sijui," nasema.

Nimelivaa. Nakunywa chai, halafu naenda kule mara ya kumi na mbili, vifungo vyote vimefungwa, mikono chini, na swali lile lile: nani alitoa amri?